Ng'ambo ya Mto Pangani: Kadi ya Mama Mjamzito

Mtu atokaye Tanga kwenda Pangani husafiri kiasi cha kilomita 50 kwa njia ya pwani, akipita minazi na mashamba ya mkonge, hata afike kwenye mji wa kale ulio kinywani mwa mto. Mji na hospitali ya wilaya viko kaskazini ya mto. Kusini yake ni Bweni, na mbele zaidi Mwera, Kipumbwi na Mkwaja. Mwaka 2019, tulipoalikwa Maulidi katika kijiji kimoja cha upande huo, hapakuwa na daraja. Tulivuka kwa pantoni pamoja na baiskeli, matenga ya samaki na akina mama wenye watoto migongoni.

Siku ya pili yake ilikuwa siku ya kliniki. Mpango wa serikali uitwao MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati, na kijiji kile kilikuwa nayo. Waja wazito wapatao ishirini walikaa chini ya mwarobaini, wengine wametembea tangu alfajiri. Muuguzi alikuwa mmoja, naye ndiye apimaye, aandikaye, achanjaye watoto na aitwaye ndani afikapo mwenye uchungu. Hatukuona uvivu kwake. Tuliona mtu mmoja aliyetwikwa kazi ya watu wanne.

Adhuhuri mwenyeji wetu alirejea na binti yake, na kwa idhini ya binti akatuonyesha kadi. Tarehe ziliandikwa mara tatu, na uzito mara tatu. Presha iliandikwa mara moja tu. Mahali pa wingi wa damu na pa mkojo palikuwa peupe.

"Ustadhi, mwanangu hakukosa hata siku moja," akasema mzee.

"Hayo twayaona, mzee wetu. Lakini amepimwa nini?"

Binti ndiye aliyejibu: "Mizani, ustadhi, na vidonge. Vipimo vingine tuliambiwa vimekwisha."

Sisi walimu wa chuo twalijua jambo hili. Mtoto aweza kuandikwa kuwa amehudhuria mwaka mzima, na asisikilizwe hata herufi moja. Mahudhurio si elimu, na kufika kliniki si kutunzwa.

Siku ya tatu mzee alimvusha binti yake mpaka hospitali, kwa kuwa alilalamika kichwa na miguu imemvimba. Presha yake ikakutwa juu, akalazwa siku ile ile.

Yafaa tuzijue kazi za vipimo hivi. Presha ifikapo 140 kwa 90, na mkojo ukaonyesha protini, ni ishara ya maradhi yaletayo kifafa cha mimba, nayo yaweza kuanza bila mama kuhisi chochote. Wingi wa damu ukishuka chini ya 11, mama huwa na uhaba wa damu, na atokwapo na damu nyingi katika kuzaa hana akiba. Kaswende ikigunduliwa mapema hutibiwa kwa penisilini, isimdhuru mtoto tumboni. Aliye ng'ambo ya mto ana haja zaidi ya vipimo hivi, kwa maana hatari ikijulikana mapema huvushwa mchana kwa utulivu; isipojulikana, hutafutiwa chombo usiku wa manane.

Twashukuru kwa hatua zilizopigwa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Waliofika kliniki mara nne au zaidi walipanda kutoka 51 katika 100 hata 65. Lakini hesabu ya safari haituambii kilichotendwa ndani ya chumba. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 lapendekeza mara 8, ya kwanza kabla ya wiki ya 12 kupita.

Basi enyi waume, mpelekeni mke mapema, wala msingoje tumbo lionekane. Arudipo, isomeni kadi pamoja, na palipo peupe muulizeni muuguzi kwa adabu. Jibu likiwa ni kwamba vifaa havipo, neno hilo lifikisheni kwenye kamati ya zahanati na mkutano wa kijiji, maana muuguzi peke yake hana uwezo wa kuvileta. Na mama akiumwa kichwa kikali, akiona kiwi, akivimba uso au akitokwa na damu, asingoje siku ya kliniki.

Katika Sura ya Luqman tumeusiwa juu ya wazazi wetu, na taabu ya mama katika uja uzito ikatajwa. Wasia huo hautimii kwa kumbusu mkono siku ya Idi peke yake. Hutimia pia kwa kuhakikisha kuwa kadi yake haikubaki nyeupe.