Eeddo, Usikizungushe

Kotile, Garissa

Eeddo wangu,

Nakuita kwa jina lile lile unaloniita mimi shangazi yako, kama ilivyo desturi ya kwetu Wasomali. Huku tu wazima, alhamdulillahi. Mto Tana umerudi ndani ya kingo zake na mbuzi wawili wa baba yako wamezaa pacha.

Simu yako ya juzi imeninyima usingizi. Si kwa sababu umetoboa sikio na kutia kipini huko Islii, Nairobi. U mtu mzima, na sikio ni lako. Kilichoniamsha usiku ni maneno yako ya mwisho kabla salio halijaisha: "Na ninakizungusha kila asubuhi, eeddo, kama ulivyonifundisha."

Kweli nilikufundisha hivyo. Ulikuwa na miaka minne. Nilikutoga ndewe zako nyuma ya nyumba kwa sindano ya kushonea na uzi mweusi, nikakupaka samli, na kila asubuhi nikauvuta uzi huku na huku usije ukashikana na nyama. Bibi yangu alifanya hivyo hivyo, ila yeye alitumia mwiba wa mgunga. Ulilia, ukapewa sukari, ukapona. Wengi walipona, na kila aliyepona alinizidishia kiburi cha ufundi.

Nisilowahi kukwambia ni kwamba siku ile mlikuwa watoto watatu na sindano ilikuwa moja. Kila nilipommaliza mmoja niliipitisha kwenye moto wa kibiriti, ikatoka na masizi, nikaifuta kwa pindo la leso. Wa tatu sikio lake lilivimba likawa kama mkate wa kumimina, homa ikapanda, mama yake nami tukampeleka hospitali Masalani. Muuguzi hakunigombeza. Aliniuliza tu sindano hiyo imeingia miili mingapi. Kisha akanieleza taratibu jinsi homa ya ini na virusi vya ukimwi vinavyoweza kusafiri kwa damu ndogo isiyoonekana kwa macho. Mtoto alipona, Mungu ana rehema. Tangu hapo sijamtoga mtu, nikawa nafuata wahudumu wa afya wa kijiji mpaka nami nikawa mmoja wao. Kwa hiyo mwalimu wako wa kwanza anafuta somo lake. Usikizungushe.

Sababu ni hii. Kidonda cha tundu hufunga mlango kwanza, ndipo kijenge chumba. Ngozi ya nje huonekana imepona wakati ndani bado ni nyama mbichi. Ukizungusha kipini, unairarua ile ngozi changa na kuburuta maganda makavu na uchafu wa vidole hadi ndani. Na wewe hukutoboa ndewe, umetoboa gegedu, ule mfupa laini wa juu. Ndewe ina damu yake, hupona kwa wiki 6 hadi 8. Gegedu halina mishipa ya damu ndani yake, hulishwa na ngozi iliyolifunika. Ndiyo maana huchukua miezi 6, hata mwaka mzima. Usihesabu siku kwa kuangalia kioo.

Uliniambia kijana aliyekutoboa alikipiga kipini kwa bunduki ya kutobolea. Sijaipenda. Bunduki hizo nyingi zina plastiki isiyostahimili mvuke wa mashine ya kuulia vijidudu, na kipini chake butu hupasua gegedu kwa nguvu badala ya kulikata. Limeshapita. Ila ukiona sikio linaanza kukimeza kipini, nenda kwa mtu anayejua kazi akubadilishie chenye mti mrefu zaidi. Muulize pia ni madini gani. Vipini vya bei rahisi huwa na nikeli, nayo huwawasha watu wengi. Titani au dhahabu nzuri ni salama zaidi.

Kuosha ni kazi ndogo, mara mbili kwa siku. Anza na mikono, kwa sabuni. Chemsha maji, pima kikombe kimoja, tia robo kijiko cha chai cha chumvi isiyo na kingine, acha yapoe. Usiongeze chumvi ukidhani utapona haraka. Ikizidi hukausha na kuchoma. Lowesha kitambaa safi cha bandeji, kiweke juu ya kidonda mpaka maganda yalainike yatoke yenyewe, kisha kausha kwa karatasi laini. Maji ya jana yamwage. Spiriti, Dettol, dawa ya meno, majivu, samli yangu, vyote viache. Malmal, yaani manemane, naiheshimu, imetutibu mengi tangu enzi za kuhama na ngamia, lakini utomvu wake usiupake kwenye tundu.

Kuna jambo ambalo huyo kijana wa bunduki hakulifikiria. Wewe unatawadha mara tano kwa siku, na kila udhu una kupaka masikio. Ni mara tano vidole vinapita hapo. Udhu wenyewe huanza kwa kuosha viganja, basi vioshe kwa dhati, upake polepole, kisha ukaushe. Pakiuma sana, muulize sheikh; dini ina ruhusa zake kwa mwenye jeraha. Mtandio nao ubadilishe kila siku, uwe wa pamba, usioteleza na kunasa. Pini ichome upande wa pili. Simu iweke kwenye sikio lililo zima. Usiku lalia upande huo huo.

Majimaji meupe yanayokauka kuwa ganda si usaha, usiyaogope. Ogopa wekundu unaosambaa, joto, usaha wa njano au kijani wenye harufu, homa, au maumivu yanayoongezeka baada ya siku za mwanzo. Ukiyaona hayo kwenye gegedu usingoje kesho, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Gegedu likioza halirudi, sikio hujikunja maisha. Na usikitoe kipini mwenyewe kwa hofu, maana tundu likifunga usaha unabaki umefungiwa ndani. Waache wao waamue.

Tena mkumbuke baba yako. Kovu la chanjo begani mwake lilikua likawa kama kokwa ya tende, wala halikuacha kukua. Kwetu makovu hayo yapo katika damu. Ukigusa nyuma ya sikio ukakuta uvimbe mgumu unaozidi ukubwa wa kidonda chenyewe, muone daktari wa ngozi mapema, ungali mdogo. Na kuhusu ile homa ya ini aliyonieleza muuguzi, chanjo ya aina ya B imo katika sindano za watoto Kenya tangu 2001, lakini wewe ulikatizwa tulipohama na mifugo mwaka ule wa ukame. Waombe hospitalini wakupime na wakumalizie, pamoja na ya pepopunda.

Huyo mwenzako wa chumbani aliyechorwa tatuu, hukumu ya kwetu unaijua, sina la kumfundisha mtoto wa watu. Lakini jeraha ni jeraha. Mwambie aoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, apake mafuta kidogo sana, asikwangue maganda, asiogelee wala asiichomeshe jua kwa wiki tatu au nne za mwanzo. Na wewe usije ukasema basi mimi nitachora piko badala yake, kwani haina madhara. Hina yetu ya majani haina neno. Piko, ile nyeusi, ni rangi ya nywele. Bibi harusi mmoja hapa Kotile alivimba malengelenge kwa umbo la maua aliyochorwa, akaketi katika harusi yake mwenyewe mikono ikiwa imefungwa bandeji, na maua hayo angali nayo hadi leo, ya kovu.

Nimempa dereva wa gari la Garissa kifurushi, atamkabidhi mwenzake wa Nairobi. Ndani mna mitandio miwili ya pamba niliyoifua na kuipiga pasi, kijiko kidogo cha kupimia, na sukari ya kutafuna kama ile ya siku ile. Sindano sikuweka.

Eeddo wako