Mashine ya Kumi na Nane

Stoo yangu ina mashine kumi na saba za kupulizia mikorosho. Shamba langu lina mikorosho arobaini na mmoja. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo usinisumbue, hesabu hiyo nimeshaipiga mara nyingi kuliko wewe. Mashine moja nzima inalimaliza shamba langu alfajiri moja, kabla umande haujakauka. Zile kumi na sita zimekaa tu, zimepangwa ukutani kama watoto waliochelewa shule.

Nje, chini ya mwembe, kuna pawatila mbili. Moja haina injini. Nyingine haina kitu kingine zaidi ya injini. Mama watoto aliwahi kuniuliza kwa nini nisiziunganishe zikawa moja. Nikamwambia ni za makampuni mawili tofauti, haziingiliani. Aliniangalia kwa muda mrefu sana, kisha akaenda kuanua nguo.

Kwa msomaji ambaye si wa Kusini, ngoja nieleze. Mashine ya kupulizia unaibeba mgongoni. Ina injini ndogo ya petroli iliyochanganywa na oili, ina feni, ina tanki la salfa, na bomba nene la plastiki unalolielekeza juu kwenye matawi. Ukivuta kamba ikakubali, inapiga kelele mpaka meno yanatetemeka, na wingu la unga wa njano linapanda kwenye mkorosho na kukaa juu ya maua. Kazi hiyo hufanywa alfajiri, upepo ukiwa umelala na majani yakiwa na umande, ili unga ushike. Kuanzia mwezi wa sita, ukilala Newala au vijiji vya Masasi, huamshwi na jogoo. Unaamshwa na mashine.

Na kelele ile kwangu si kero. Nilizaliwa Newala mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati korosho ndiyo ilikuwa kila kitu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87, nikiwa kijana ninayeelewa mambo, zilikuwa zimebaki tani 16,000 na ushee. Watu walihamishiwa vijijini wakayaacha mashamba mbali, bei ikawa ya kukatisha tamaa, halafu ukaja ubwiriunga. Ninaukumbuka. Maua yanatoka vizuri, unafurahi, baada ya siku kadhaa yanapakwa kitu kama majivu, yanakauka, yanapukutika. Bibi yangu alikuwa akiyaokota chini na kuyanusa, sijui alitafuta nini.

Salfa ndiyo iliyotutoa hapo, na salfa ya unga bila mashine ni vumbi kwenye mfuko. Mara ya kwanza kuisikia mashine hiyo nilikuwa kwenye kitanda cha kamba, bado giza. Nilidhani ni pikipiki imepotea shambani. Nilipotoka nikamwona mtu amebeba moto mgongoni (ndivyo nilivyoona, ilikuwa ni ekzosi) na mkorosho wa jirani unafuka kama unapikwa. Mwaka ule jirani alivuna. Sisi hatukuvuna. Basi, ukitaka kujua ugonjwa wangu ulianzia wapi, nadhani ulianzia pale, ingawa marehemu baba naye alichangia.

Baba alifanya kazi Nachingwea kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, kazi yake kumshikia fundi spana. Mradi ulianza mwaka 1947 na mwanzoni mwa 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba umeshindikana. Kati ya hapo walileta matrekta yaliyotumika vitani, wakajenga reli kutoka Mtwara, wakaleta hata matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman, yakiitwa Shervick. Baba alilitamka "shaviki". Alisema lilikuwa linang'oa mti kama mtu anavyong'oa muhogo, halafu linakaa wiki tatu linasubiri kipuri kutoka Uingereza. Walipoondoka walibaki na vyuma. Baba aliondoka na boksi la spana za inchi, ambalo sasa ni langu. Nyingi haziingii sawasawa kwenye nati za milimita za mashine zangu, lakini siwezi kufungua kitu bila kwanza kulifungua boksi lile na kulifunga tena.

Kwenye uwanda huu wa Wamakonde hata maji hupanda kwa mashine. Juu hakuna mto. Maji yako chini ya mteremko, na tangu miaka ya hamsini tunayategemea yasukumwe na pampu. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, ukaangalia bonde linavyoanguka kuelekea Ruvuma, utaelewa kwa nini mtu wa huku akiona injini imekufa anahisi kitu. Mashine iliyokufa huku si takataka. Ni mtu anayeenda kuteka maji kwa miguu.

Hayo yote ni kweli, na yote nimeyatumia kama kisingizio.

Mashine ya kwanza niliinunua mwaka 2012, Masasi, nilikohamishiwa kufundisha. Ilikuwa Solo, ya Mjerumani, plastiki yake imepauka kwa jua. Fundi mmoja alikuwa ameitundika msumarini kama nyama. Nikailipia, nikakaa nayo mwezi mzima jioni baada ya kusahihisha madaftari, nikasafisha kabureta, nikabadilisha plagi, nikatafuta kamba. Siku ilipowaka watoto walikimbia, mimi nikapiga kelele kama mjinga. Ninyi mnaosoma blogu hii mnanunua vitabu msivyovisoma, mnajua ninachosema. Kuna raha ya kitu chenyewe, na kuna raha ya kujua kwamba siku moja utakishughulikia. Raha ya pili ndiyo inayofilisi.

Baada ya hapo sikuwa natafuta tena. Zilinitafuta zenyewe. Habari zilienea kwamba kuna mwalimu Masasi ananunua mashine mbovu, naye hubishana bei lakini hatimaye hununua. Picha zikaanza kuingia kwenye simu: mashine juu ya jamvi, mashine imeegemea jiko, mashine imeshikwa na mtoto. Hela zilitoka kwenye mshahara. Mwaka mmoja zilitoka kwenye ada ya binti yetu aliyekuwa kidato cha tano, nikarudishia baada ya wiki mbili kwa kukopa, na hadi leo ninaamini hajui. (Kama unasoma haya, mwanangu, sasa unajua.)

Kitu kimoja sikukitazama kwa miaka, nacho ni kalenda. Picha zote ziliingia Januari, Februari, Machi. Hakuna aliyewahi kuniuzia mashine mwezi wa kumi na mbili. Mwezi huo korosho zimepigwa mnada, malipo yameingia, watu wananunua mabati na pikipiki, wanawacheza watoto. Februari mfuko umekauka, mahindi bado mabichi, ghala la ndani limefagiliwa. Februari mtu anaangalia ndani ya nyumba anajiuliza kipi kinaweza kukaa bila kutumika mpaka mwezi wa sita. Jibu liko mgongoni mwake kila mwaka.

Mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa 3,300 kwa kilo na kuanza kuhakiki wakulima ili kuwanasa watu wa kangomba, mimi nilikuwa mbele kwenye ofisi ya walimu kushangilia. Kangomba, kwa asiyejua, ni kuinunua korosho kwa kificho kwa mkulima aliyebanwa, mara nyingine ikiwa bado ua, kwa bei ya kutupa. Nilisema, tena kwa sauti, kwamba hao wanakula njaa za watu. Siku hiyo hiyo jioni nilikuwa nimeahidiana na mtu kuhusu mashine ya elfu arobaini.

Aliyenizindua ni mzee mmoja wa upande wa Newala. Alikuja nyumbani mwezi wa sita, asubuhi, kwa miguu kutoka stendi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akanywa chai bila haraka.

"Njomba," akasema, "nimekuja kuazima."

"Kuazima nini mzee wangu?"

"Mashine."

"Ipi?"

"Ile yangu."

Nilimkumbuka. Februari aliniuzia kwa elfu hamsini. Alianzia sabini, nikamshusha, na usiku ule nilijisifu kwa mama watoto jinsi nilivyomshusha. Hakunikumbusha hilo. Alisema tu kwamba maua yameshaanza kutoka, wenye mashine za kukodi kijijini wana foleni, na yeye ile yake anaijua tabia, ukiivuta mara mbili ukaiacha ipumue, ya tatu inakubali.

Tatizo ni kwamba ile yake haikuwapo tena. Kabureta nilikuwa nimelitoa nikalifunga kwenye mashine nyingine, yenye rangi nzuri zaidi. Feni ilikuwa kwenye ndoo. Mwili wake ulikuwa kwenye kona, nimeuandikia kwa chaki "vipuri". Nilimpeleka stoo nikidhani nitamweleza. Alisimama mlangoni akaziangalia kumi na saba zote, kimya, kisha akaenda moja kwa moja kwenye ile kona na kuushika mpini. Aliijua hata ikiwa mifupa.

Nikampa nyingine, bila hela. Ilifanya kazi alfajiri moja, ya pili ikagoma. Nilikuwa nasimamia mitihani, nikachelewa kwenda kuitengeneza. Nilipofika baada ya siku nne, nusu ya mikorosho yake ilikuwa imeshapakwa majivu. Alinipokea vizuri, akaniletea muhogo wa kuchoma. Msimu ule alipeleka ghalani magunia mawili. Hakunilaumu, na kama angenilaumu ningejua pa kuweka mikono.

Baada ya hapo niliapa. Kuapa ni rahisi mwezi wa saba. Nilitengeneza mashine nne hadi zikawa nzima kabisa, nikampelekea mzee moja iwe yake, nyingine tatu zikawa zinazunguka kwa watu wakati wa maua na kurudi. Nilijiona nimepona. Halafu Februari iliyofuata nikasikia kwamba mzee ameiuza mashine ile. Si kwangu, kwa fundi mmoja wa Kitangari. Nataka kukuambia kwamba nilimhurumia. Kitu cha kwanza nilichohisi ni wivu: kwa nini hakunipigia mimi? Nilikaa na wivu huo siku mbili nzima kabla haujaja ule uchungu mwingine, wa kwamba alihitaji unga, na mashine, hata ya bure, hailiwi.

Tamaa haikutoka. Imebadilisha sauti tu. Zamani iliniambia "nunua, ni rahisi." Siku hizi inaniambia "nunua, umsaidie." Hii ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu mara nyingine inasema kweli: mtu akiwa na njaa leo, elfu hamsini zangu anazihitaji leo, si hotuba. Nimejaribu kukopesha badala ya kununua, mashine ibaki kwake. Wawili wamelipa baada ya mnada. Mmoja ananikwepa sokoni, nami namkwepa ili asione aibu, tunakwepana kama wachumba.

Juzi, saa tatu usiku, picha imeingia tena. Ni mashine ya zamani kabisa, ya rangi ya chungwa, mfuniko wake wa tanki ni wa asili, sijawahi kuuona mwingine mzima. Imepigwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma yake miguu ya mtoto inaonekana. Chini ameandika: "Mwl, hii haiwaki, nipe yoyote."

Niliikuza ile picha mara nyingi mno. Kwa jinsi kamba ilivyoning'inia, nadhani ni springi tu. Nikaandika bei, nikaifuta. Nikaandika bei kubwa zaidi, nikaifuta nayo. Mwishowe nikamwandikia kwamba nitakuja Jumamosi na spana, asiiuze, tuione kwanza, na aniambie nyumbani kunahitajika nini.

Mama watoto alikuwa nyuma yangu, anasoma juu ya bega. Hakusema kitu. Alichukua pochi yangu mezani akaifunga kwenye pindo la kanga. Nikamwambia nauli je? Akasema atanipa asubuhi, ya kwenda na kurudi. Kisha akanyoosha mkono.

"Na simu," akasema. "M-Pesa iko humo humo."

Jumamosi ni kesho kutwa. Boksi la baba liko mlangoni, nimeshalifungua na kulifunga.