Mzigo Mzito, Mpe Nani?

"Mzigo mzito mpe Mnyamwezi." Ndivyo wasemavyo watu wa pwani, tena kwa kicheko, panapotokea kazi ambayo kila mmoja anaitazama na hapana aliye tayari kuinama. Methali hii ina sifa ndani yake, kwani inamkiri Mnyamwezi kuwa ni mtu wa nguvu na stahamala. Lakini ukiigeuza upande wa pili utaiona hila yake. Aliyeisema siye aliyebeba. Aliyeisema alikuwa amekaa barazani, na mzigo ulikuwa wake.

Kinyangiri si Unyamwezi. Ni kata katika Wilaya ya Mkalama, Mkoa wa Singida, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, na wenyeji wake wengi ni Wanyiramba. Mtu wa pwani, hata hivyo, aghalabu huwakusanya wote katika neno moja, "watu wa bara", na methali yake huwafuata wote. Ni nchi ya alizeti, mtama na vitunguu, ya masika moja kwa mwaka na kiangazi kirefu chenye upepo na vumbi. Huko nako kompyuta zimefika, na kompyuta hazikufika kwa miguu yao.

Alasiri moja ya kiangazi, katika ua wa ofisi moja ya hapo, palikuwa na kazi ya kuhamisha kabati la mitambo kutoka chumba cha zamani kwenda jengo jipya. Umbali haukuzidi hatua 60. Kabati lenyewe lilikuwa la chuma, refu kupita mtu mrefu, jembamba kiasi cha sentimita 60, la aina ile ambayo mafundi huiita raki: vifaa hupangwa humo kimoja juu ya kingine, vikashikwa kwa skrubu katika nguzo zake. Fundi alikuwa kijana aliyetoka Dar es Salaam pamoja na msaidizi wake. Wengine wanne walikuwa vibarua walioitwa kutoka barabarani, watatu vijana na mmoja mtu mzima wa makamo ya babu.

Mzee yule alilizunguka kabati mara moja, akaligonga kwa ukucha juu, kisha chini.

"Mwanangu, hili lina nini tumboni?"

"Kompyuta, mzee. Na swichi. Chini kuna betri."

"Betri ngapi?"

"Nne."

"Basi tulitoe tumbo kwanza."

Fundi akatazama jua. Gari lilikuwa linamngoja, na safari ya kurudi mjini Singida ilikuwa mbele yake. "Tutachelewa, mzee. Lina magurudumu. Tutalisukuma pole pole."

Wakalisukuma. Ndani ya chumba lilikwenda vizuri, juu ya saruji. Penye kizingiti, gurudumu la mbele likaingia katika ufa, na kabati likainama. Kijana mmoja akafanya lile ambalo mwili hulifanya bila ya kuuliza: akatanguliza mguu na mikono ili alizuie. Mzee akamshika shati kwa nyuma, akamvuta. Kabati likaegemea mwimo wa mlango, likalia kama bati la paa, likasimama hapo. Hapana aliyeumia. Watu wakanyamaza kitambo, na wa kwanza kuketi chini alikuwa fundi.

Kabati tupu la kimo kile, peke yake, hufikia kilo 100 au zaidi. Likijazwa huwa kilo mia kadhaa. Mguu wa kijana hauna hesabu ya kushindana na hilo. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mafundi waliobobea ni chungu kuisikia: kabati likianza kuanguka, liache lianguke. Chuma hununuliwa tena. Lakini kanuni hiyo haifai kumwambia mtu wakati kabati limekwisha kuinama. Huambiwa asubuhi, kabla mkono haujagusa kitu, na huambiwa wote, hata yule aliyeitwa kwa ujira wa saa mbili.

Kanuni nyingine nazo si siri, wala hazihitaji shahada. Kabati hufungwa kabla ya kujazwa: miguu yake hushushwa mpaka ishike sakafu, husawazishwa, kisha hukazwa sakafuni au ukutani. Ndipo vifaa vianze kuingia, na huanza vile vizito, chini kabisa, kisha vyepesi juu yake, kwa sababu kabati lenye kichwa kizito ni kama jahazi lililopakiwa sitahani huku ngama yake ni tupu. Kifaa kinachovutwa kwenye reli huvutwa kimoja kwa wakati mmoja. Vikitolewa viwili pamoja, uzito wote hutoka nje na kabati hufuata. Wakati wa kuhama, mambo hupinduka: hutolewa kwanza vya juu, mwisho vya chini. Kabati husukumwa kwa mbele au kwa nyuma, si kwa ubavu, kwani ubavuni ndiko linakoanguka kwa urahisi. Na penye mteremko, hapana mtu anayesimama upande wa chini.

Umeme nao una adabu yake. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, maana betri hubaki hai hata nyumba nzima ikiwa gizani, na bisibisi iliyoteleza kati ya ncha zake mbili hutoa cheche ya kuunguza. Pete na saa huvuliwa kwanza. Waya wa ardhini huwa wa kwanza kufungwa na wa mwisho kufunguliwa. Katika udongo mkavu kama wa Singida, ambao haupitishi umeme kwa wepesi, mafundi wengi huzika fito ya shaba pamoja na mkaa na chumvi, ili ardhi ikubali kupokea. Chumvi, bidhaa iliyotoka pwani kwa karne nyingi, huenda bara hadi leo kwa kazi ambayo wavuvi wa ng'onda hawakuiwaza.

Si mara ya kwanza kwa nchi ile kuona chombo kizito kikipita. Mwaka 1874, Henry Morton Stanley aliteremka Unguja; mashua yake, Lady Alice, iliundwa Uingereza kwa vipande ili ichukuliwe na watu. Ilipopimwa Unguja ilionekana kwamba vipande vilikuwa vizito na vipana mno kwa njia za bara, ambazo zilikuwa nyembamba, za mtu kumfuata mtu. Ikabidi fundi wa hapo hapo Unguja avikate upya, viwe vidogo. Msafara ukaondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Januari 1875 ulikuwa katika nchi ya Wanyaturu, ambako ulipigana vita vya siku kadhaa huko Vinyata. Kisha ukaingia Iramba, mashua ikiwa mabegani mwa watu kwa zamu. Tarehe 27 Februari 1875 ukafika Kageye, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na huko vipande vikaunganishwa tena vikawa mashua.

Wengi katika msafara ule hawakufika. Wengine walikufa kwa maradhi na njaa, wengine vitani. Jina la mashua linajulikana ulimwenguni. Ya walioibeba, ni wachache wayajuao. Hata hivyo limo funzo moja katika habari ile, nalo ni la fundi wa Unguja, si la bwana mkubwa: mzigo uliomshinda mchukuzi haurekebishwi kwa kumtafuta mchukuzi mwenye misuli zaidi. Hurekebishwa kwa msumeno. Unakatwa mpaka ufanane na bega.

Katika siku zile za misafara, mpagazi alichukua mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32, mbali na kitanda chake na sufuria yake, na alitembea nao kutwa, juma baada ya juma. Leo, miongozo mingi inayofuatana na mitambo ya kompyuta huanza kuonya kwenye kilo kama 18, kiasi kidogo kupita frasila moja: kuanzia hapo, kifaa kiinuliwe na watu wawili; na kikifika kilo 32, huhitaji watatu. Betri moja kubwa peke yake huweza kupita kilo 50. Kwa hiyo mzigo ambao zamani ulikuwa haki ya kichwa kimoja, sasa umekubalika kuwa ni kazi ya migongo mitatu. Hayo ni maendeleo, na pengine ni makubwa kuliko hiyo kompyuta yenyewe.

Lakini maendeleo hayo yameandikwa wapi? Yako juu ya sanduku, kwa Kiingereza, Kichina na Kifaransa, pamoja na picha ndogo ya watu wasio na nyuso walioinua kitu. Kiswahili ni nadra kukiona hapo. Anayeyasoma ni fundi. Anayebeba ni kibarua. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Ni mambo ya kushukuriwa. Ila sheria iliyoko ofisini na picha iliyoko sandukuni zote mbili zinangoja mtu mmoja azifasiri kwa sauti, uani, kabla ya kazi. Kufasiri huko si pambo la lugha. Neno lililokosekana Kinyangiri alasiri ile lingeweza kugharimu mguu wa mtoto wa mtu, na mguu ule ndio unaolima.

Siku hizi watu husema kwamba habari zao ziko "katika wingu". Ni sitiari nzuri, na washairi hawana sababu ya kuionea wivu. Lakini hapana wingu lisilokuwa na kabati mahali fulani, na hapana kabati lisilopandishwa ngazi na mtu aliyekunja magoti. Barua inayofika Unguja kufumba na kufumbua imepitia mikono ambayo haikuigusa.

Fundi alipoinuka pale alipoketi, hakusema mengi. "Samahani, mzee," alisema. Mzee akajibu kwamba hapakuharibika kitu. Wakalisimamisha kabati watu sita, wakatia kabari chini ya magurudumu, wakazima, wakangoja, wakapima. Kila waya ulitiwa alama kwa kipande cha karatasi kabla ya kufunguliwa. Kisha vifaa vikatoka kimoja kimoja, vya juu kwanza. Betri zilitoka mwisho, kila moja kwa watu wawili na wa tatu akishika mlango, na mzee ndiye aliyehesabu: moja, mbili, haya. Kabati tupu lilivuka ua juu ya mbao mbili zilizotandazwa, likaingia jengo jipya, likakazwa sakafuni, likaanza kujazwa kuanzia chini.

Jua lilikuwa limekwisha kutua walipomaliza. Kabla ya kufunga mlango, fundi alichukua utepe mweupe, akaubandika juu ya kabati, akaandika kwa kalamu nene: ZITO CHINI. KUHAMISHA, TOA JUU KWANZA. BETRI WATU WATATU. Akamsomea mzee, akamuuliza kama yametosha.

Mzee akafikiri. "Ongeza," alisema, "likianguka, kimbia."

Fundi akaongeza.