Kutoka Kariokor Hadi Jericho kwa Miguu

Wengi wenu mkaao shamba mwaijua Nairobi kwa dirisha la basi. Mwashuka stesheni, mwafanya shughuli zenu za ofisini au za hospitali, na kabla jua halijachwa mko njiani kurudi kwenu. Ile mitaa iliyo upande wa mashariki wa jiji, iitwayo Eastlands, hamna haja ya kuiingia, isipokuwa mna ndugu huko. Mimi ninaye. Dada yangu anakaa Jericho, na mwanzoni mwa Januari, 2026, aliniletea habari kuwa mwanawe amepata nafasi ya gredi ya 10, lakini kuna shauri zito, nami kama mjomba yafaa niwepo.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Kijana huyu ni mmoja wa kundi la kwanza la mtaala mpya kuingia sekondari pevu. Mtihani wa KCPE, ambao wengi wetu tuliuogopa kama simba, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na sasa mtoto huchagua njia moja katika tatu: sayansi na ufundi, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Yeye alichagua sayansi. Akapangiwa shule ya bweni iliyo mbali na Nairobi, na karo yake ilimtoa mama yake jasho hata kabla ya kununua sanduku na godoro. Karibu na nyumbani kulikuwa na shule ya kutwa ambayo ingempokea kwa gharama ndogo. Je, aende au abaki?

Nalishuka garini Kariokor asubuhi, nikaazimu kwenda kwa miguu mpaka Jericho, nikizitazama shule za njiani, ili nisifike kwa dada yangu na maneno matupu.

Jina la Kariokor ni ndugu wa damu wa Kariakoo ya Dar es Salaam. Yote mawili yametokana na jeshi la wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918. Leo watu huja sokoni hapo kununua vyondo na viatu vya ngozi, na wenye njaa huja kula nyama choma. Ukitoka hapo waanza kuziona nyumba za zamani za Halmashauri, za Ziwani na Starehe, na mbele yake za Shauri Moyo. Zitazame vizuri nyumba hizi, maana ndizo chanzo cha habari yangu yote. Nyingi ni chumba kimoja kimoja. Serikali ya kikoloni iliyozijenga ilihesabu kwamba Mwafrika atakuja mjini peke yake, atafanya kazi, atalala, na mkewe na watoto watabaki shamba. Kwa hesabu hiyo mtoto hakuwako, na asiyekuwako hahitaji meza ya kusomea. Walakini watoto walikuja, tena wengi, na mpaka leo wanaishi ndani ya hesabu ile ile.

Hatua chache kutoka hapo ni Kituo cha Wavulana cha Starehe, na hapo nalisimama kwa muda mrefu karibu na lango. Wengi hulijua jina la shule hii kwa sababu ya matokeo ya mitihani, lakini haikuanza kama shule ya wenye akili. Mwezi wa Aprili, 1954, wakati wa Hali ya Hatari, jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi wakakamata watu zaidi ya 20,000 na kuwapeleka kizuizini. Baba akichukuliwa, mtoto hubaki na nani? Wavulana wengi walitapakaa barabarani, wakilala chini ya mabaraza ya maduka. Mwaka 1959 watu watatu walianza kuwakusanya: Geoffrey Griffin, Mzungu aliyezaliwa Eldoret mwaka 1933, na wenzake wawili, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Hao watatu walikuwa wamekwisha kujuana katika kambi ya vijana ya Wamumu. Mali yao ya kwanza ilikuwa vibanda viwili vya bati.

Mtu aweza kusema mengi juu ya Griffin, maana aliongoza pia Huduma ya Vijana kwa Taifa tangu ilipoanzishwa mwaka 1964 mpaka 1988, na Starehe aliiongoza mpaka alipofariki mwaka 2005. Mimi nitasema mambo mawili tu. La kwanza ni kwamba alianza na kitanda na chakula, kisha kitabu. Mtoto aliyelala barazani hafundishiki. La pili ni baraza aliloliweka, ambalo wavulana wote hukusanyika, na mdogo kuliko wote aweza kusimama akauliza swali au akaleta lalamiko mbele ya mkuu wake pasipo kuogopa kiboko. Katika miaka ile shule nyingi hazikuthubutu jambo hili, na hata leo zipo ambazo mtoto akiuliza habari za chakula huitwa mchochezi.

Shabaha ya Starehe imeandikwa kwa Kiswahili: Natulenge Juu. Nalipoisoma nilimkumbuka mpwa wangu. Kulenga ni kazi ya mtu aliyesimama imara. Mwindaji hutafuta kwanza pa kuweka mguu. Pale Starehe watoto wengi hawalipi karo, wanasomeshwa na wafadhili, na wakimaliza shule huenda kutumika kwa kujitolea kabla ya kuingia chuo kikuu. Lakini nafasi zake huombwa na watoto wa Kenya nzima, kutoka Turkana mpaka Kwale, na mtoto wa Ziwani anayeiona paa ya shule hiyo kila asubuhi hana haki zaidi ya yule wa Mandera. Wala sisemi kwamba ni vibaya. Nasema tu kwamba shule moja, hata ikiwa njema namna gani, haiwezi kuwa jibu la mitaa yote. Wasichana nao walingoja mpaka mwaka 2005 ndipo wakapata Starehe yao, tena nje ya mitaa hii kabisa, upande wa Kiambu.

Nikavuka barabara nikaingia Pumwani, mtaa mkongwe kuliko mingi, uliopimwa mara baada ya vita vya kwanza. Hapa kuna misikiti, na nyumba za udongo zilizokuwa za wenyeji wenyewe, na Kiswahili chake kina ladha ya pwani. Hapa pia kuna shule ya sekondari ambayo wapita njia hawaitazami mara mbili, nami nataka muitazame.

Mwaka 1962 Edward Carey Francis alistaafu ukuu wa shule ya Alliance, Kikuyu, aliyokuwa ameiongoza tangu 1940. Kabla ya hapo alikuwa Maseno tangu 1928, na kabla ya Maseno alifundisha hesabu katika chuo kikuu cha Cambridge. Wanafunzi wake kadhaa waliingia katika baraza la mawaziri la kwanza la Kenya huru. Mtu wa namna hiyo angeweza kurudi kwao Uingereza akapumzike, au kukaa kwenye kiti cha heshima akikata shauri za wengine. Yeye alikuja Pumwani kuwa mwalimu wa kawaida, akafundisha watoto wa mitaa hii mpaka alipokufa mwaka 1966. Hakuja kuwa mkuu. Alishika chaki. Alikuwa mtu mkali, na wako wazee ambao mpaka leo hawajamsamehe ukali wake na mawazo yake kuhusu siasa za Waafrika. Lakini katika jambo hili la Pumwani sijamsikia mtu akimlaumu. Ni mara ngapi sisi wenyewe, tukipata mwalimu hodari wa hesabu, twamwachia shule ya mtaani, badala ya kumtafutia uhamisho wa kwenda shule yenye jina?

Gikomba nalipita upesi, nikishika mfuko wangu. Mitumba, mbao, samaki, na watu wanaosukuma mikokoteni wakipiga kelele ya kutaka njia. Ni soko la kulitembelea siku ambayo huna haraka wala huna fedha nyingi. Nikapita Shauri Moyo na soko la Burma, nikatokea barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Doonholm, nikavuka kwenda Kaloleni.

Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940, na kusema kweli una sura ya kupendeza hata katika uzee wake. Nyumba ni za mawe na zimetawanyika kwenye uwanja wenye miti, na katikati kuna ukumbi ambao siasa nyingi za Waafrika wa Nairobi zilizungumzwa ndani yake kabla ya Uhuru. Mimi nalivutwa na maktaba. Mji wa Nairobi ulipata maktaba kubwa ya McMillan mwaka 1931, lakini kwa miaka mingi ilikuwa kwa Wazungu tu. Mwaka 1962 ikawa mali ya Halmashauri ya Jiji. Maktaba hiyo ina matawi mawili huku Eastlands, moja Kaloleni na moja Makadara. Majengo hayo yalichakaa sana, mpaka shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na wanawake wawili wa Kenya, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, liliposhika kazi ya kuyatengeneza pamoja na serikali ya jiji.

Nalikuta vijana wamejaa. Wengine walikuwa na vitabu vya maktaba, lakini wengi walikuja na vitabu vyao wenyewe kutoka nyumbani. Nikamwuliza mzee mmoja aliyekaa nje kivulini kwa nini mtu abebe kitabu chake kukileta mahali palipojaa vitabu. Akanitazama kama anitazamaye mgeni.

"Bwana, hawakuja kwa vitabu. Wamekuja kwa viti."

Neno hilo nalilibeba njia nzima. Nikapita Makongeni, mtaa wa reli wa zamani, ambao wapangaji wake waliambiwa mwaka 2025 wahame ili nyumba mpya zijengwe. Huenda nyumba hizo zitakuwa nzuri kuliko za kwanza. Lakini mtoto aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani mwaka ule alijiandaa kati ya masanduku yaliyofungwa kamba. Sijaona kalenda ya kuhamisha watu iliyoulizwa kwanza na kalenda ya shule. Mbele kidogo kuna Mbotela, mtaa wenye jina la Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka 1952, na mitaa yenye jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Wanafunzi wa shule ya Ofafa Jericho huvaa jina hilo kifuani kila siku. Naliwauliza wawili niliokutana nao njiani kama wamjua Ofafa ni nani. Mmoja alisema ni mtaa. Mwingine alisema ni mtu, lakini hakujua zaidi, nami nikamweleza pale pale kando ya barabara, tukachelewa wote.

Nalifika kwa dada yangu saa kumi jioni. Chumba chake ni kimoja, na pazia katikati. Upande mmoja kuna kitanda chake, upande wa pili viti vya sofa vitatu, kabati kubwa la vyombo, na televisheni. Kijana alitoka nje kunipokea.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Haya, niambie mwenyewe. Unataka kwenda bwenini?"

Alikaa kimya kidogo, akamtazama mama yake. "Mjomba, kuondoka sikutaki. Nimekwenda kuiona shule ya hapa, ina maabara na mwalimu wa fizikia yupo. Lakini huko bweni kuna taa na meza mpaka saa nne za usiku. Hapa nasoma kitandani, wageni wakija natoka nje."

Dada yangu akasema, "Kaka, unasikia? Basi nitakopa fedha."

"Utamkopa nani?" nikamwuliza. Hakujibu.

Nikatazama lile kabati. Ni la marehemu mama yetu, nami namjua dada yangu, hawezi kuliuza hata kwa fedha ya karo. Nikamwuliza kama jirani yake wa mlango wa pili angali na ile nafasi tupu ukumbini kwake. Akasema anayo. Nikamwuliza tena sofa tatu ni za wageni gani, na wageni hao huja mara ngapi kwa mwezi. Alicheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki, akanyamaza.

Jioni ile tulilibeba kabati watu wanne tukalipeleka kwa jirani, na sofa moja ikafuata. Fundi wa pale kona alituuzia meza ndogo ya mbao, haijapigwa rangi, ikaingia barabara mahali pa kabati, chini ya dirisha. Dada yangu alisimama akiitazama ile nafasi ukutani, ambako rangi ilikuwa safi kuliko mahali pengine pote. Kijana akaleta taa, akavuta kiti, akajaribu kama magoti yake yanapita chini ya meza. Yalipita. Kisha akatoka mbio kwenda Makadara kuuliza maktaba hufungwa saa ngapi.