Soseji za Kijerumani na ndoo ya makombo

Ile baa ya zamani hapa Moshi mjini iliyofungwa kwa ukarabati imefunguliwa tena, safari hii kwa bia na soseji za Kijerumani, na wengi mmenipigia simu mkiuliza kama ni kweli wananunua nguruwe. Jumamosi iliyopita, baada ya kazi, nilikwenda kula, kunywa na kuuliza. Kama wewe hutumii nguruwe wala pombe, nivumilie kidogo. Huko mbele kuna jambo linalomgusa hata muuza pumba.

Baa imebadilika kweli. Sakafu ni ya vigae, jiko lina kioo unachoweza kuchungulia, na meza ni ndefu, za mbao, unakaa na watu usiowajua kama uko kwenye harusi. Bia imevuka bahari na bei yake inaonyesha hivyo: glasi moja ingeninunulia tatu za kwetu. Nilichukua bia ya ngano, ile yenye ukungu na povu zito. Ni tamu, ila moja inatosha.

Kuna jambo moja kuhusu bia hizo ambalo mkulima atalipenda. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria walitoa amri kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Hopsi ni maua machungu ya mmea unaotambaa juu ya nguzo. Sababu mojawapo ya amri hiyo ilikuwa kuwabakizia waokaji mikate ngano, na ndiyo maana bia ya ngano kama niliyokunywa ilihitaji ruhusa ya pekee. Lakini kilichobaki hadi leo ni mnywaji kujua kilichomo ndani ya glasi yake. Shayiri tunailima West Kilimanjaro, kwa hiyo habari hii si ngeni sana kwetu. Na Wajerumani wenyewe si wageni: walituachia maneno shule na hela.

Sasa soseji. Hizi hazikutoka Ulaya. Zinatengenezwa na bucha moja Arusha, kwa nguruwe wa hapa nchini, kwa mitindo ya Kijerumani. Nililetewa sita nyembamba, urefu wa kidole, mtindo wa Nürnberg, zenye harufu ya majani ya marjoram. Kule kwao jina hilo linalindwa kisheria, hairuhusiwi kuliita hivyo soseji iliyotengenezwa nje ya mji huo. Kuna pia nyeupe ya Munich, ya nyama ya ndama na mafuta ya nguruwe, ambayo haichomwi. Inapashwa ndani ya maji ya moto, unaimenya ganda na kula na haradali tamu. Kwa desturi inaliwa kabla ya saa sita mchana, kwa sababu enzi zisizo na majokofu haikuweza kukaa hadi jioni.

Nilichokipenda ni kwamba nilikuwa natafuna nyama. Mnazijua zile soseji nyekundu za mitaani ambazo ukizikata unakutana na unga na rangi.

Meneja, mama mmoja mchangamfu, alinieleza wanachotaka. Nguruwe wa kilo 70 hadi 90 akiwa hai, mwenye mafuta kiasi mgongoni, maana soseji ya kuchoma bila mafuta hukauka kama kamba. Dume awe amehasiwa mapema, kabla ya wiki tatu, la sivyo nyama inanuka na mteja anairudisha sahani. Na kama umemchoma sindano, zile siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ziwe zimeisha. Hawanunui kwa kukadiria kwa macho, wanapima kwa mzani. Hilo tu lingenifanya nimsifu.

Halafu nikaomba kuona nyuma ya jiko.

Pale mlangoni alikuwepo kijana na bodaboda, amefunga ndoo mbili kubwa kwenye keria. Ndani kulikuwa na chipsi, kabichi, mikate, na vipande vya soseji. "Shikamoo daktari," akanisalimia (wafugaji hutuita daktari hata sisi wa stashahada). Ana nguruwe 11. Makombo haya anapewa bure kila jioni, na anawamwagia yalivyo.

Ndugu mfugaji, hapa naomba tuelewane vizuri. Homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa, na hapa kwetu hatuna chanjo yake. Haimdhuru binadamu, lakini kirusi chake kinaishi ndani ya nyama, hata ya baridi, kwa miezi. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya, mwaka 1921. Mwaka 1957 ulifika Ureno, jirani na uwanja wa ndege wa Lisbon, kupitia makombo ya chakula cha ndege waliyolishwa nguruwe. Sahani za abiria tu! Leo Umoja wa Ulaya unakataza kabisa kulisha nguruwe makombo ya jikoni. Hata hivyo Septemba 2020 Ujerumani ilithibitisha ugonjwa huu kwa nguruwe pori mmoja aliyekufa, na China ikafunga mlango kwa nyama ya nguruwe ya nchi nzima. Mzoga mmoja ulitosha.

Sasa fikiria nguruwe mgonjwa wa wilaya nyingine, achinjwe haraka, aingie kwenye soseji, kipande kisichoiva vizuri kibaki sahanini, kiende na bodaboda hadi kwenye banda lako.

Meneja amekubali kutenga ndoo mbili: ya nyama inafukiwa shimoni, ya mboga na viazi ndiyo itoke. Lakini mkono wa mhudumu ni ule ule, kwa hiyo hata hiyo ya mboga ichemshwe saa nzima tangu ianze kutokota, huku ukikoroga, na chombo cha kubebea mabichi kisirudi kubeba yaliyochemshwa. Kijana akaniuliza, kuni atalipa nani? Ni swali la haki. Tulipiga hesabu pale pale kwenye keria: ukiondoa maji, mafuta ya pikipiki na kuni, ndoo za bure zinamsaidia kidogo sana kuliko alivyodhani, na pumba ya mahindi yenye mashudu ya alizeti na dagaa ingewafikisha nguruwe wake kwenye ule mzani mapema zaidi.

Na wewe mchuuzi unayezunguka vijijini: ukiuziwa nguruwe wa bei ya kutupa, tazama masikio na tumbo kama pana wekundu au bluu, gusa kama ana joto, uliza wenzake bandani wanakula. Wakiwa wamegoma kula, au wawili watatu wamekufa wiki hiyo, usimpakie. Osha viatu na matairi kwa maji ya sabuni, kisha dawa ya kuua vijidudu, kabla hujaingia banda jingine, na mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.