Nani alianza kumwita mwenzake haramia?

Kazi ya kuandika habari imenifunza jambo moja: anayewahi kulipa tukio jina, ameshashinda nusu ya kesi. Chukua neno "haramia".

Mwanzoni mwa karne ya 19 Waingereza waliuita mwambao ambao leo ni Falme za Kiarabu "Pwani ya Maharamia". Walioandamwa hasa ni Waqasimi wa Ras al-Khaimah. Meli za biashara zilitekwa kweli, mabaharia wakauawa, hilo sibishi. Desemba 1819 jeshi kutoka Bombay, chini ya William Keir Grant, likaupiga mji huo mizinga. Januari 1820 masheikh wakaanza kusaini mkataba: kila chombo kipeperushe bendera nyekundu na nyeupe, kibebe na hati yenye jina la mwenye chombo na nahodha.

Lakini jamani, Kampuni ya Waingereza iliyotoa jina hilo ilikuwa na biashara yake kwenye maji hayo hayo. Mwaka 1986 mtawala wa Sharjah, Sultan bin Muhammad Al-Qasimi, wa ukoo ule ule, alichapisha kitabu akidai uharamia ulikuzwa ili Kampuni ijinyakulie biashara ya Ghuba. Naye anatetea babu zake, sawa. Ila imepita miaka 166 tangu mkataba!

Ndiyo maana polisi wakisema "majambazi wameuawa", mimi naandika "watu ambao polisi wanasema ni majambazi". Mhariri hulalamika kuwa sentensi ni ndefu. Na iwe ndefu tu. Marehemu hatachapisha kitabu.