Kicheko Mbele ya Joka

Wako wachezaji wanaoamini kwamba mchezo ukishakuwa na majoka, mapango na panga za uchawi, kucheka ni kuuharibu. Mimi siafikiani nao. Chuo cha ualimu kilinifundisha kwamba darasa linalocheka limemshinda mwalimu. Kisha nikaongoza shule miaka mingi, na darasa lililonitia hofu siku zote ni lile lililonyamaza kabisa.

Mchezo ninaousemea ni ule wa kuigiza mezani, na ulio maarufu kuliko yote ni Dungeons & Dragons. Niliujua Minneapolis, Marekani, nilipokwenda kukaa kwa binti yangu baada ya kustaafu. Kwa msomaji asiyeufahamu, nieleze kwa ufupi. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja ni msimulizi: ndiye anayeeleza pango likoje na nani amejificha gizani. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, askari, mwizi au mchawi, na husema mhusika huyo anafanya nini. Penye mashaka hurushwa dadu la pande 20. Likionyesha 20, hongera. Likionyesha 1, upanga umekata hewa. Hadithi yaweza kuendelea hivyo kwa miaka.

Sasa hebu fikiri, msomaji. Shujaa ametoa hotuba ya kutisha mbele ya joka, ameinua upanga, na dadu linaonyesha 1. Kanuni zasema tu kwamba amekosa. Lakini meza nzima imekwisha kumwona akijikwaa kwenye joho lake. Mtunzi wa riwaya aweza kumlinda shujaa wake asiaibike. Mchezaji hana uwezo huo, na akijitia kukasirika ndipo anapochekesha zaidi.

Waasisi wenyewe walikuwa na nafasi ya mzaha. Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na Dave Arneson wa miji pacha ya Minneapolis na St. Paul waliutoa mchezo huu mwaka 1974, nakala 1,000 kwa kuanzia. Kitabu cha msimulizi ambacho Gygax alikitoa mwaka 1979 ni kizito kama sheria za kodi, majedwali kila mahali. Hata hivyo ndani yake mna katuni ya Will McLean: wachawi na wapiganaji wameketi kucheza mchezo wao wa kubuni, ambamo wanajifanya wafanyakazi na wanafunzi katika nchi ya viwanda. Nilipoiona nilicheka peke yangu jikoni. Kwa mtu aliyemaliza nusu ya maisha yake akifuatilia mishahara ya walimu, hayo ndiyo maajabu yenyewe.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1984 ilitoka Toon, na mwaka huohuo Paranoia, michezo iliyoundwa makusudi ili watu wacheke. Katika Toon mhusika hafi. Huanguka, hukaa nje dakika tatu, kisha hurudi. Katika Paranoia watu wanatawaliwa na kompyuta iliyorukwa na akili, na kila mchezaji ana nakala za akiba za mhusika wake, maana kufa ni jambo la kila mara. Ni kazi za watu werevu. Lakini kwangu mimi ni pilipili bila chakula. Kifo kisichogharimu kitu hukuchekesha jioni ya kwanza; ya pili unaanza kupiga miayo.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka 16, na alihamia huko akiwa na 10. Shuleni walimcheka kwa matamshi yake. Nyumbani alijibu neno mojamoja, ndiyo babu, hapana babu. Jumamosi jioni, wenzake walipokuja kucheza, nilisikia mtu mwingine. Alikuwa kibeti mwenye ndevu hadi magotini, asiyeogopa zimwi lolote ila kuku. Siku moja alibishana na jitu lililolinda daraja juu ya bei ya kuvuka, kwa sauti na mikono ya mama yake anapokuwa likizo Dar es Salaam akinunua samaki Feri: akakataa, akaondoka, akarudi, akakataa tena. Vijana wasiowahi kuiona Feri walicheka hadi machozi.

Jioni nyingine msichana mmoja wa kundi lile, aliyekuwa ameandika kurasa nne kuhusu mhusika wake na kaka yake aliyepotea, alimkuta kaka huyo pangoni, amekufa. Kijana mmoja akauliza nani anachukua viatu vya marehemu. Wawili wakacheka. Msichana akaanza kukusanya dadu zake, moja moja, na kuzitia mfukoni. Hapo mjukuu wangu akasema kwamba kibeti anavua kofia yake ya chuma, anaketi kando ya maiti, na hataondoka mpaka dada mtu aseme. Meza ikanyamaza. Baada ya muda dadu zikatoka mfukoni.

Niliwakumbuka watani. Katika misiba ya kwetu mtani huiga sauti ya marehemu, hujilaza kaburini akidai fedha, na wafiwa hucheka huku wanalia. Hakuna amzuiaye, kwa kuwa mtani huyohuyo ndiye aliyeshika jembe na kulichimba kaburi. Yule wa viatu hakuwa ameshika jembe lolote. Kibeti, tangu siku ya daraja, alikuwa nalo mkononi.

Sikumwambia mjukuu wangu hayo. Angedhani nimeanza hotuba ya kufunga shule. Jumamosi iliyofuata msichana alikuja na kurasa mbili zaidi, na kibeti akamwomba amfundishe namna ya kupita karibu na kuku.